Mpekuzi na Jua la Darasani

Katika ukoo wetu hajatokea mtu wa kupekua mifuko kama bibi huyu, Mungu ampe pumziko. Ukiingia kwake na koti, kabla hujakaa ameshalipokea na kulitundika, na kabla koti halijatulia kwenye msumari vidole vyake vimeshafika kwenye mshono wa chini wa mfuko. Hakuwa anatafuta kitu. Mkono wenyewe ulikuwa hauwezi kujizuia. Kazini kwake, katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali, walimwita Mpekuzi, na jina likamfuata nyumbani mpaka mashemeji wakalizoea.

Kazi ndiyo iliyomlea hivyo. Chumba kile kilikuwa chini kabisa ya jengo, hakina dirisha hata moja, kimejaa mashine zenye milango ya mviringo na mvuke uliofanya kuta zitoke jasho. Mikokoteni ya nguo chafu ilishuka kutoka wodini tangu asubuhi: shuka, foronya, magauni ya wagonjwa, makoti ya madaktari. Kabla nguo haijaingia kwenye mashine lazima ipekuliwe. Kalamu moja iliyosahaulika ingegeuza makoti ya wodi nzima kuwa ya samawati. Sindano moja ingempeleka mfuaji ghorofani akawe mgonjwa. Mpekuzi alikuwa ametoa kwenye mifuko ile mikasi, pete ya ndoa, nusu ya mkate, na safari moja meno ya bandia, ambayo mwenyewe, daktari mzito mwenye sauti kubwa, alishuka kuyafuata akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Kwa hiyo alikuwa ameshaamini kwamba kila nguo ina jambo inalolificha, na kwamba mwenye nguo ndiye wa mwisho kulisema.

Nyumbani aliishi na mjukuu wake, mtoto wa binti yake wa mwisho. Mtoto huyo aliitwa Chiriku, kwa maneno yake mengi. Akiamka ameshaanza, akilala anamalizia. Binti mwenyewe, yaani mama yake Chiriku, alifariki siku aliyomzaa. Lakini Chiriku hakuambiwa hivyo. Aliambiwa mama amesafiri kikazi, mbali, kusikofika simu. Bibi aliyasema hayo siku mtoto alipouliza mara ya kwanza, akidhani atayasahihisha akishakua kidogo, na kila mwaka hicho kidogo kikasogea mbele. Kila jioni katika sala zake alimwomba Mungu amsamehe uongo ule, na kila asubuhi aliurudia. Ulikuwa umeshazaa na wenzake. Hata paka wao, aliyekutwa kando ya barabara hana uhai, Chiriku aliambiwa amehamia sokoni kwenye panya wengi, na kila wakipita sokoni mtoto aliinama kuchungulia chini ya meza.

Kifo Bibi hakukiogopa, maana alikuwa na ahadi zake na Mola. Alichokiogopa ni ile siku Chiriku atakapoupata ukweli kwenye mdomo wa mtu mwingine, kisha amgeukie na kumwambia, "Kwa hiyo ulinidanganya." Hapo, alijiambia, atakuwa amempoteza binti yake mara ya pili.

Basi jioni moja akachukua aproni ya Chiriku ya chekechea ili aifue, na kama kawaida mkono ukatangulia mfukoni. Ukatoka na kipande cha karatasi ya njano kilichokatwa mfano wa mwiba, kina gundi inayong'aa. Ukarudi tena, ukatoka na kipande cha utambi ulioungua. Bibi akakinusa. Mshumaa. Akainusa na aproni. Mshumaa tena.

"Chiriku, hebu njoo hapa."

"Abee, Bibi."

"Hiki nini?"

"Mwale wa taji. Ulibanduka."

"Na hiki?"

"Utambi. Ulikatika, nikauokota."

"Mnawasha mshumaa shuleni? Mchana?"

"Si mchana, Bibi. Mwalimu anafunga mapazia kwanza, kunakuwa giza. Halafu anawasha jua."

"Anawasha nini?"

"Jua. Linakaa chini katikati. Halafu mwenye siku yake ya kuzaliwa analizunguka, ameshika dunia."

Bibi akavuta kigoda akakaa. "Na nyie wengine?"

"Tunakaa duara, tunaita miaka yake. Kwa sauti ya chini."

"Kwa nini iwe ya chini?"

"Ili lisizimike."

"Na mwalimu? Mwalimu anasema nini kwenye hilo giza lenu?"

Hapo Chiriku akafanya jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Alinyamaza. Akaangalia vidole vya miguu yake, kisha akasema, "Mengine siwezi kukuambia, Bibi."

"Nani kakukataza?"

"Nimejikataza mwenyewe."

Bibi alikwenda nyuma ya kabati, ambako mfuko mdogo wa kitambaa ulining'inia umefungwa fundo, akatia mle utambi na ule mwale. Mfuko huo ulikuwa umeshaanza kazi muhula uliopita. Wakati ule mwalimu yuleyule aliwaambia watoto kila mmoja aje kuonyesha sikukuu ya kwao. Wapo walioleta nguo, wapo walioleta wimbo. Mtoto mmoja, ambaye kwao ni watu wa dini nyingine, alionyesha jinsi nyumbani kwao wanavyowasha taa kuwakumbuka waliotangulia. Chiriku akarudi na taa ya karatasi aliyoitengeneza mwenyewe, akataka ikae dirishani. Bibi alipouliza ni taa ya nini, alijibiwa, "Yangu tu." Bibi hakuwa na ugomvi na dini za watu, majirani wa dini ile ndio waliomshika mkono msibani, wakapika, wakateka maji, wakakesha naye. Lakini taa ndani ya nyumba yake, dirishani kwake, kwa jina la nani? Alisubiri mtoto alale, akaisomea dua, akaifungia mfukoni. Asubuhi Chiriku alipoitafuta, aliambiwa imepeperushwa na upepo.

Kesho yake kazini aliyatoa yote. Mwenzake wa kukunja shuka alikuwa mwanamke mmoja mnene, mcheshi, waliyemwita Redio kwa kuwa habari zote zilipitia kwake. Kukunja shuka za hospitali ni kazi ya watu wawili: mnashika pembe, mnarudi nyuma, mnavuta, kisha mnafuatana mpaka mikono inakutana. Kwa hiyo kila jambo waliloongea lilikuwa na mahali pa kusemwa kwa sauti na mahali pa kunong'onezwa.

"Wanaita miaka ya mtoto gizani?" alisema Redio kwa mbali.

"Ndivyo anavyosema."

Wakasogeleana, mikono ikakutana. "Shoga yangu," akanong'ona Redio, "miaka ya mtu haiitwi ovyoovyo. Hiyo ni nyota wanaichukua."

"Wewe Redio, huna hata kipindi kimoja cha habari njema?"

"Mimi natangaza ninacholetewa. Huyo mwalimu ana umri gani?"

"Msichana tu. Mrefu, mpole. Anavaa viatu vya mpira, akitembea humsikii."

"Umeona! Mtu mwema anasikika akija." Redio akavuta shuka kwa nguvu zote. "Sikiliza. Wakikuomba nguo yake ya uchanga, ujue ndo basi tena. Mchukue mtoto, kimbia."

Bibi alimcheka. Akarudi nyumbani bado anamcheka. Alipofungua mlango Chiriku alimrukia, na kabla hajavua viatu maneno yakaanza kumwagika: siku yake inakaribia, atatimiza sita, taji lake litakuwa na miale sita, na mwalimu amesema Bibi aje, na alete nguo yake ya utotoni.

"Alete nini?"

"Nguo niliyovaa nilipokuwa kachanga. Na picha ya Mama."

Bibi akashika ukingo wa meza.

Nguo ni jambo moja. Picha ya marehemu ni jambo lingine. Na siku yenyewe! Tangu binti yake afariki, siku ile katika nyumba hiyo haikuwa siku ya kuzaliwa mtu. Kila mwaka Bibi aliamka mapema, akafunga kula, akamwambia mtoto anakwenda zamu ya ziada, akapitia makaburini, akakaa huko mpaka jua likawa kali. Chiriku alijua kwamba siku yake ya kuzaliwa ipo, kama anavyojua bahari ipo, lakini hakuwahi kuonyeshwa. Sasa mgeni mwenye viatu vya mpira amekwenda kuifukua.

"Mwalimu amejuaje habari za picha?"

"Kila mtu analeta, Bibi."

"Nimeuliza amejuaje kama ipo."

Chiriku akamwangalia kwa macho ya kupima. "Si iko chini ya godoro lako," akasema polepole.

Usiku ule sala ilimshinda. Kila alipofumba macho aliiona nguo ya mtoto juu ya jamvi, picha ya binti yake kando, na mtu asiye na kishindo akiizunguka. Akamwambia Mungu waziwazi kwamba safari hii hatangoja kuambiwa. Atakwenda kuona kwa macho yake.

Nafasi ilipatikana mapema. Chiriku alisema kuna mwenzake, mtoto wa fundi wa matairi, siku yake imefika. Bibi akamwachia Redio mkokoteni, akatoka na gauni lake la kazi mwilini, na akafika chekechea wakati mapazia ndiyo kwanza yanafungwa. Hakupita mlangoni. Alizunguka nyuma, akapita kwenye ndoo za maji na kamba ya matambara, akasimama chini ya dirisha. Pazia alilijua kwa kuligusa tu: pamba nyepesi, limefuliwa kwa sabuni kali, upindo umelegea. Akaingiza kidole kwenye pengo la kioo kilichokosekana, akasogeza upindo kidogo, akatia jicho.

Ndani palikuwa na giza. Katikati ya sakafu iliwekwa taa ya kioo yenye mshumaa, na watoto wamekaa kuizunguka, nyuso zimewaka kwa chini. Kwenye taa alipiga magoti Chiriku, ameikinga kwa viganja viwili. Mtoto wa fundi alisimama na taji la njano, ameshika mpira wa samawati kifuani kama yai. Mwalimu alitembea nyuma yao bila sauti. Kisha akasema neno, watoto wakaitikia kwa chini, "Mmoja," na mwenye taji akaanza kuzunguka moto.

Nywele zikamsimama Bibi. Akaanza kusoma dua aliyokuwa ameiandaa.

Ndipo akasikia kikohozi cha mwanamume. Pembeni, kwenye kiti cha kitoto ambacho magoti yalimfika kidevuni, alikaa fundi wa matairi mwenyewe, na mikono yake myeusi ameificha mapajani.

"Mwaka wa kwanza," alisema fundi, "huyu hakulala. Halali yeye, halali mama yake, halali jirani. Mimi nikawa nakwenda kulala kwenye matairi."

Watoto wakacheka.

"Mwaka wa pili akameza kifungo cha shati langu."

"Kikatoka?" akauliza mtoto mmoja.

"Kilitoka. Ndicho hiki." Akaonyesha kifungo cha shati alilovaa, na darasa zima likapiga yowe la furaha na kinyaa, mpaka Chiriku akawakemea wasizime jua.

Bibi aliacha dua katikati. Akajihisi mjinga, na kujihisi mjinga kulimtia hasira zaidi. Alikuwa anataka kuondoka pale mwalimu aliposema, "Na siku yenyewe aliyozaliwa, baba? Tuambie ilikuwaje."

Fundi akaanza kueleza habari za mvua na pikipiki iliyogoma. Bibi hakumsikia. Sasa alijua wanachokitaka kwake. Hawakutaka nyota. Walitaka akae kwenye kile kiti, mbele ya Chiriku, aseme siku aliyozaliwa ilikuwaje. Heri wangetaka nyota.

Pazia likafunguliwa ghafla. Jua la kweli likaingia darasani, na Bibi akajikuta ana kwa ana na mwalimu, kati yao dirisha.

"Shikamoo, mama," akasema mwalimu.

"Marahaba. Pazia lako limelegea upindo."

"Nitalishona. Karibu ndani."

"Siingii. Toka wewe."

Mwalimu akatoka, akamkuta amejipanga kwenye zile ndoo kama askari. Hakucheka, na Bibi aliliona hilo, akaliweka akilini kama kosa lingine: mtu yeyote wa kawaida angecheka.

"Mimi sina maneno mengi," alisema Bibi. "Mjukuu wangu hazunguki moto wa mtu. Na kuanzia kesho haji. Nitamtafutia kwingine, wanakosoma herufi."

"Na hapa tunasoma herufi, mama."

"Gizani?"

"Ile taa ni jua tu. Mpira ni dunia. Nataka mtoto aone kwamba kutimiza mwaka ni kuwa dunia imezunguka jua, na yeye alikuwepo. Halafu mtu wa kwao anasema alikuwaje mwaka huo. Basi."

"Na picha ya mama yake ni ya nini? Mama yake amesafiri."

Mwalimu akatazama chini. Akafungua mdomo, akaufunga. Bibi, aliyeishi kwa kutazama vitu vinavyokaribia kudondoka mifukoni, akalijua jambo lililofichwa lilivyo.

"Sema," akamwamuru.

"Aliniomba nisikuambie."

"Nani?"

"Chiriku."

"Mjukuu wangu ana siri na wewe? Siri dhidi yangu?"

"Si dhidi yako, mama." Mwalimu akashusha sauti, maana watoto walikuwa wameshaanza kujaa dirishani. "Ilikuwa ile siku ya sikukuu, tulipotengeneza taa. Alinivuta pembeni. Akasema, 'Mwalimu, yangu ni ya Mama. Mama yangu alikufa siku niliyozaliwa. Lakini Bibi hajui, anafikiri amesafiri. Usimwambie, atalia.'"

Bibi akamkazia macho. Kwanza hakuamini. Alimpekua msichana yule uso mzima, akitafuta mshono. Hakuuona.

"Nani alimwambia?"

"Anasema ni mtoto wa jirani yenu, bombani. Zamani kidogo. Akangoja aone kama nawe utaambiwa. Akaona hakuna anayekuambia."

Bibi aligeuka, akapita kwenye kamba ya matambara, na njia nzima kurudi hospitali watu waliomsalimu hawakupata itikio. Redio alipomuuliza, "Enhe, nyota?" alichukua pembe ya shuka yake, akarudi nyuma, akavuta. Wakakunja mkokoteni mzima bila neno, na kwa Redio hiyo ilikuwa adhabu.

Jioni hiyo akaufungua ule mfuko wa nyuma ya kabati. Taa ya karatasi ilikuwa imebonyea upande mmoja, fundo lilipoikandamiza. Akainyoosha kwa kidole gumba, taratibu, kama anavyonyoosha kola. Kwa ndani, mahali pa kuweka mshumaa, mtoto alikuwa amechora mtu mwenye nywele nyingi na mikono mirefu kupita kiasi.

Hata hivyo hakuwa mtu wa kuacha tabia yake kwa siku moja. Alitaka kuhakikisha. Wakiwa wanakula, akatupia neno kama mtu asiyejali:

"Hivi Chiriku, mama yako akirudi safari, utamwambiaje?"

Mtoto akaacha kutafuna. Akamtazama bibi yake kwa huruma, huruma ileile ambayo watu wazima huwatazamia wagonjwa wasiojua hali yao.

"Nitamsalimu," akasema. Kisha akanyoosha mkono akampapasa begani. "Kula, Bibi. Chakula kinapoa."

Kwa siku zilizobaki walichunguzana hivyo. Mtoto alitazama kama bibi ameshaambiwa, bibi alitazama kama mtoto anamtazama. Redio alileta ushauri mwingine, akarudishwa nao. Mara mbili Bibi alifunga nguo za Chiriku tayari kumhamisha, mara mbili akazirudisha kabatini. Katika sala aliacha kuomba msamaha wa jumla. Alimwambia Mungu, "Wewe nimeshakuomba mara nyingi. Aliyebaki ni huyu," na huyu alikuwa amelala hatua chache kutoka hapo, na bado hakupata ujasiri wa kumwamsha.

Siku ikafika. Hakwenda makaburini asubuhi. Alioga, akavaa gauni lake la ibada, akatoa picha chini ya godoro, akatoa sandukuni shuka iliyokunjwa, akachukua na ule mfuko. Alipofika darasani, kabla ya kumsalimia mtu, aliinama akanusa mshumaa, akainua jamvi akaangalia chini yake, akapitisha kidole kwenye kioo cha taa. Fundi wa matairi, ambaye alikuja kumleta mwanawe akanogewa kubaki, alimnong'oneza mwalimu, "Huyu mama ni wa usalama?" Bibi alimsikia. Hakukasirika.

Akakaa kwenye kile kiti kidogo. Mapazia yakafungwa, aliona upindo umeshonwa, na umeshonwa vibaya. Jua likawashwa. Mtoto wa fundi akalikinga kwa viganja. Chiriku akasimama mahali pa kuanzia, na taji la miale sita likimshuka machoni, ameshika dunia. Halafu, badala ya kungoja, akaacha duara, akaja mpaka kwenye sikio la bibi yake.

"Bibi," akanong'ona, "kama hutaki, anzia mwaka wa pili. Mwalimu ataruhusu."

Bibi akalisukuma taji likakaa vizuri. "Rudi ukasimame," akasema. "Tunaanzia mwanzo."

Picha akaiweka jamvini, akaifungua shuka mapajani. Ilikuwa shuka ya nyumbani, ya maua ya zambarau, imechujuka kwa kufuliwa.

"Siku aliyozaliwa Chiriku," alisema, na sauti yake ikawa ile ya kuongea katikati ya kelele za mashine, kubwa kuliko chumba, "mimi nilikuwa kazini, chini. Mama yake alikuwa juu, wodi ya wazazi. Asubuhi nilipanda kumwona. Nikamwachia shuka hii ajifunike, maana za hospitali zina baridi, nazijua. Nikashuka kungoja. Mchana ukaja mkokoteni. Nikaanza kupekua kama kawaida yangu. Shuka nyeupe, nyeupe, nyeupe. Katikati yake nikakuta hii."

Hakuna mtoto aliyecheka. Mwalimu alikuwa ameacha kutembea.

"Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kitu. Lakini mimi nguo naielewa. Sikuitia kwenye mashine. Niliifua kwa mikono yangu, peke yake, kwa maji baridi. Halafu nikapanda juu. Wakanipa mtoto. Nikamfunika kwa hii hii, pembeni ikiwa bado ina unyevu. Alikuwa analia kwa maneno mengi mpaka wauguzi wakacheka katikati ya msiba. Nikasema, huyu ni chiriku."

"Na mama yake?" akauliza mtoto wa fundi, bila kuondoa viganja kwenye taa.

"Alikufa. Siku hiyohiyo." Bibi akamtafuta mjukuu wake kwenye giza. "Nilijua, Chiriku. Tangu siku ile nilikuwa najua. Hajasafiri. Nilikudanganya mimi."

Moto ukayumba, ukasimama. Chiriku alisimama vilevile na dunia yake kifuani. Alimtazama bibi yake muda mrefu, na Bibi, ambaye maisha yake yote yeye ndiye aliyekuwa akipekua, akakaa akapekuliwa.

"Mmoja," akasema mwalimu kwa chini. "Mmoja," wakasema watoto. Chiriku akaanza kutembea.

Miaka mingine ilipita kama ya watoto wote: jino la kwanza, sabuni aliyoila, siku alipojifungia kwenye kabati akasahaulika. Bibi aliisimulia kwa kuchekesha mpaka fundi akafuta macho. Kisha mapazia yakafunguliwa. Kwenye kizingiti cha dirisha Bibi alikuwa ameshaweka ile taa ya karatasi, imebonyea lakini imesimama.

Chiriku akaiona. Akaja akakaa ubavuni mwa bibi yake, kwenye jamvi.

"Kumbe haikupeperushwa," akasema.

"Haikupeperushwa."

"Ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo. Nisamehe."

Chiriku akafikiri. "Na Babu? Babu ni kweli amekufa, au naye mmesema tu?"

"Babu ni kweli. Nitakupeleka leo uone alipo. Yeye na mama yako wako jirani."

"Na paka?"

Bibi akakohoa. "Paka gani?"

"Wetu. Aliyehamia sokoni."

Fundi wa matairi akageuza uso ukutani. Mwalimu akainama kukusanya miale iliyodondoka.

"Paka," alisema Bibi, "tutaongea njiani."

Chiriku akatikisa kichwa polepole, taji likamshuka tena machoni. Hakulala begani kwa bibi yake, wala hakuondoka. Alitia mkono wake kwenye mfuko wa lile gauni la ibada, na akaupekua wote, taratibu, mpaka kwenye mshono.